Fisi na Shafti ya Gari la Sungura

Asije mtu akakwambia nimesimuliwa. Nilikuwapo, nimechuchumaa juu ya kichuguu, na vumbi la magari yale nililila mpaka jioni sikutaka ugali.

Mwaka huo jua liliichoma nyika, mito ikabaki mawe. Maji yalisalia kisima kimoja tu, juu ya kilima. Njia ya kukifikia ilianza na lami, ikaingia mchanga, ikamalizia mwinuko wa changarawe. Simba, mwenye nchi, akawakusanya wanyama.

"Mimi sibebi maji, mimi hubebewa," akanguruma. "Atakayetangulia kurudi na pipa limejaa, ndiye mgawaji wa maji mpaka mvua inyeshe."

Sungura akaenda kuliandaa gari lake. Alijua Fisi hatakosa kushindana, na mwaka uliopita Fisi ndiye aliyegawa nyama: wenzake waliambulia harufu. Huyo akishika kata ya maji, watoto sita wa Sungura hawatauona mwezi ujao.

Fisi akaja na gari jekundu, limelala chini kama mamba, ekzosi nne nyuma. "Nguvu za farasi mia sita!" akatamba.

"Kwa nini farasi?" akauliza Punda Milia. "Sisi hatuhesabiki?"

"Nyamaza, we mistari! Na wewe Sungura, hilo kopo lako lina ngapi?"

"Mia tatu tu, kaka. Ila lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Langu linagawa nguvu kwa yote manne. Kwenye lami utaniacha, sibishi. Kwenye mchanga tuombeane heri."

Fisi akacheka kile kicheko chake, lakini neno lile hakulisahau. Sungura alipokwenda kutafuta pipa, Fisi akajipenyeza uvunguni mwa gari la Sungura, akaifungua shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Angeitupa vichakani, mambo yangeishia hapo. Lakini lini mlafi akatupa kitu? Akaitia kwenye buti ya gari lake mwenyewe, akaipigapiga kama mtoto.

"Sasa na mimi natembelea magurudumu manne," akajisemea.

Simba akainua mkia, mashindano yakaanza. Sungura akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari halikwenda hata shubiri. Akachungulia chini: nati zimetapakaa, grisi mbichi. Kulalamika hakukuwa na nafasi, Fisi alikwisha kuwa nukta kwenye lami. Akaingia uvunguni, akabana gia ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ili nguvu yote iende magurudumu ya mbele, akatoka mbio.

Kwenye mchanga, dereva mwenye akili hupunguza upepo wa tairi akakanyaga kidogo kidogo. Mguu wa Fisi haujui kidogo. Alikanyaga mpaka chini, kama anavyokula. Magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakafukua shimo.

"Vuta, shafti! Vuta!" akaipigia kelele buti. Gari likazama mpaka tumboni.

Sungura akapita polepole, tairi zake zimelegea kama maandazi ya jana. "Kaka, unapanda mihogo?"

"Nisukume, ndugu yangu!"

"Nikirudi."

Mwinuko nao ukamkatalia Sungura. Kila alipopanda, uzito ulirudi nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, yakakwangua changarawe bure. Mara ya kwanza akateleza. Mara ya pili akateleza zaidi. Akawakumbuka watoto sita, akatulia, akajiuliza: uzito umehamia wapi? Basi akaligeuza gari, akatia rivasi, akapanda kinyumenyume! Magurudumu yanayovuta yakawa upande wa chini, uzito wote umeyakalia.

"Kiu imempanda kichwani!" wanyama wakasema. Waliposema mara ya pili, alikuwa kisimani anajaza pipa.

Aliporudi alimkuta Simba pale mchangani, na Tembo ameitwa kulivuta gari la Fisi. Tembo akafungua buti kutafuta kamba. Shafti ikabingirika ikaanguka miguuni mwa Simba.

"Hii nini?"

"Yangu, Mtukufu. Ndiyo inayozungusha magurudumu yangu manne."

"Ikiwa ndani ya buti?"

Simba akacheka mpaka manyoya ya shingo yakamfunika macho. Alipomaliza, hakuna mwingine aliyethubutu kucheka. "Sungura atagawa maji. Wewe utalisukuma pipa kilimani kila siku kwa kifua chako, na utakunywa wa mwisho."

Siku hiyo watoto sita walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Sasa nikiri moja. Hilo la Simba kucheka nimelitia mwenyewe. Simba hacheki mbele ya raia. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe, na hilo sikulitunga mimi.