Chungu Alichokikalia Nyegere

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na chungu.
Kina nini?
Kina uji wa mahindi.
Umetiwa nini?
Haukutiwa kitu.
Mbona mtamu?
Ndiyo kesi yenyewe. Kaeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikianza sitaki kukatizwa.

"Madebe matatu!" Nyegere alinguruma. "Umeniibia asali madebe matatu, we mama! Lipa!"

"Sijaiba hata tone," Kuchakulo akajibu.

"Mwizi!"

"Mwizi babu yako!"

Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Kuchakulo, chungu katikati yao, na wanyama wote wamewazunguka. Mnamjua Nyegere: mfupi, mnene, mgongo mweupe, kucha kama majembe. Alikuwa ameshika mizinga yote ya msitu ule, akatangaza kwamba kila kitamu ni mali yake. Ukijilamba midomo, umelamba chake. Kuchakulo naye ni kamnyama tu, mkia umemzidi mwili. Asubuhi hiyo aliwapa majirani togwa, ule uji wake wa kunywa, wakaisifu kwa sauti kubwa mno. Nyegere akaja mbio, akachovya kidole chunguni, akaonja. Tamu! Basi ni asali yake, ya nani mwingine?

"Kama huna asali ya kulipa, nachukua mbegu."

Kuchakulo akatazama juu ya jiko lake. Mahindi ya mbegu yalining'inia pale kwenye moshi, yakingoja mvua. Hakuwa na mengine. Yakienda hayo, watoto wake watapanda nini, watakula nini?

Sauti yake ikawa laini ghafla. "Mzee Nyegere, nikipika tena hapa hapa, bila asali, na uji ukawa mtamu?"

"Nitakupa madebe matatu ya asali mimi mwenyewe! Usipokuwa mtamu?"

"Mbegu zako."

"Mmesikia?" Kanga akawapayukia wenzake.

"Tumesikia!"

"Ila mzee wangu," Kuchakulo akasema, "nikitwanga mimi, si utasema nimetia asali?"

"Nitasema!"

"Basi twanga wewe."

Nyegere akakamata mchi. Pu! Pu! Pu! Akatwanga mahindi, akachekecha unga.

"Nikiteka maji mimi, si utasema nimetia asali?"

"Nitasema!"

"Basi teka wewe."

Akashuka mtoni, akapanda kilima. Chwa! Chwa! Chwa! Mtungi ukammwagikia mgongoni.

"Nikipika mimi, si utasema nimetia asali?"

"Nitasema!"

"Basi pika wewe."

Akapuliza moto, fuu! Machozi yakamtoka. Akakoroga, uji ukatokota, pwata! Ukamrukia puani.

"Jamani, Nyegere kaolewa!" Kanga akacheka mpaka akakaa chini.

Kuchakulo alikuwa juu ya kigoda, miguu kainyoosha.

Uji ukaiva, mzito, upawa umesimama wenyewe. Nyegere akaonja. "Unga na maji. Lete mbegu zangu!"

"Haraka ya nini? Uache upoe, mpaka kidole kivumilie."

Halafu Kuchakulo akaleta ungo wa mahindi makavu yenye vimizizi. "Hiki kimea. Niliyaroweka mahindi, yakachipua, nikayaanika. Kagua."

Nyegere akanusa, akatafuna, akatema. Asali hakuna.

"Basi saga wewe."

Kru, kru, kru, juu ya jiwe. Akamimina unga wa kimea kwenye uji, akakoroga, akafunika. Na kwa kuwa hamwamini mtu, akakikalia kile chungu.

"Hapa hapiti hata sisimizi!"

Wakangoja. Kivuli cha nyumba kikatambaa uani. Hakuna aliyeondoka.

Nyegere akainuka, akafunua. Akausimamisha upawa, ukaanguka, kolo! Uji uliokuwa mzito ulikuwa umelegea, unachuruzika kama maji. Akachota, akaonja. Akachota tena.

"Vipi?" Kanga akauliza.

"Mtamu," Nyegere akanong'ona. "Nani kaingia? Nilikalia mimi!"

"Hakuingia mtu," Kuchakulo akasema. "Utamu umetoka ndani ya hindi lenyewe. Ulikuwamo tangu shambani, umelala. Kimea kimeuamsha."

Wote wakayainulia macho mahindi ya pale juu ya jiko kana kwamba ndiyo kwanza wanayaona. Kanga akaokota punje moja, akaigeuza juani huku, akaigeuza kule.

"Maisha yangu yote nadonoa hizi," akasema taratibu. "Kumbe!"

"Sijahakikisha," Nyegere akasema, akainua chungu. Glu, glu, glu! Kikabaki kitupu. "Kesho nitahakikisha tena. Si asali hii, ni mahindi tu. Nani amewahi kudhuriwa na mahindi?"

Kesho yake akaja. Akatwanga mwenyewe, akateka mwenyewe, akapika mwenyewe, akanywa mwenyewe. Na kesho yake tena. Tumbo likatangulia, yeye akafuata. Meno yakamuuma, akasema ni baridi. Mpaka siku aliyokwenda kulala, kichwa kikaingia shimoni mwake, makalio yakakataa.

"Mama Kuchakulo!" akalia toka ndani. "Nimekwama! Nimenenepeshwa na nini, na asali sijalamba?"

"Utamu ni utamu, mzee. Tumbo haliulizi umetoka kwa nyuki au shambani."

Ngano yangu naitua hapo, nimechoka kuibeba. Anayeitaka aibebe yeye. Funzo lake ni hili: kitokacho kwenye mahindi si sukari. Ukiona kwenye chupa ya kinywaji au pakiti ya biskuti wameandika "sharubati ya mahindi", usihesabu, kunywa, kula, ongeza. Ni ugali tu huo. Ukikwama mlangoni, tanua mlango.

Kuchakulo yeye hakuwa na haja na funzo. Alizunguka nyuma ya Nyegere, akayabisha yale makalio, ngo, ngo, ngo.

"Madebe matatu ya asali. Yapitishe kwa tundu la upande wa pili wa shimo. Leo."