Kuta za Bibi Somoe

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama watu walioshiba. Mshukuruni Mungu, maana hadithi yangu ya leo ni ya watu wenye njaa.

Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji, na kijijini alikuwapo mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Somoe. Mume hakuwa naye. Wengine walisema alikufa, wengine walisema alikimbia. Mimi sisengenyi, nasimulia tu.

Bibi Somoe alikuwa mchoraji wa kuta. Desturi yao ilikuwa hivi: binti akiposwa, nyumba ya wazazi wake hukandikwa upya, kisha Bibi Somoe huitwa kuichora. Huyo anakuja na udongo mwekundu wa kichuguu, na mkaa aliousaga, na kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa kama mswaki. Anachora. Na maisha yake yote alichora kitu kimoja tu, chakula cha porini. Uyoga. Mabungo. Mlenda. Viazi vya msituni na majani yake. Vile alivyovitafuta na mama yake alipokuwa mtoto, mwaka wa njaa, wakitembea, wakitembea, wakichimba, wakichimba.

Wanawake walimtania.

"Bibi, mchoree mwali maua."

"Hayo si maua?"

"Maua ya nini hayo?"

"Ya kiazi."

"Aka, bibi. Nani anataka kiazi harusini?"

"Basi twendeni porini niwaonyeshe. Mkivijua huko, hapa nitawachorea hata tausi."

Hakuna aliyekwenda. Kuonekana na kikapu cha majani pori kulikuwa ni kutangaza kwamba kwenu hakuna unga. Basi Bibi Somoe akawachorea ukutani walichokataa kwenda kukiona.

Ikafika harusi ya Asumini, binti wa Jumbe Mkwanda, mkuu wa kijiji. Watu wa bwana harusi wakaja wamejipamba. Wifi mtu, ulimi wake huo, akautazama ukuta, akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo.

"Wifi, kumbe kwenu mnakula majani. Mbuzi mnawapa nini?"

Wakacheka, kwa kwa kwa. Asumini akalia mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni. Baba yake akasimama palepale.

"Kuta zote zipakwe udongo mweupe," akasema. "Za kijiji kizima."

Bibi Somoe akamfuata. Akampigia magoti, yeye wa umri wa mama yake.

"Jumbe, mwanangu, niachie ukuta mmoja."

"Wa nini, mama?"

"Macho yangu yamekwisha. Mkono unatetemeka. Sitachora tena. Niachie mmoja, hata wa jikoni."

"Wageni hufika mpaka jikoni."

"Na njaa je, haifiki?"

"Njaa hiyo ilikuwa ya enzi zenu, mama. Inuka, watu wanatutazama."

Wakapaka. Paka, paka, paka. Kijiji kikawa cheupe kama yai. Bibi Somoe akarudi kwake, akajilaza, uji akaukataa. Haikupita masika akafa. Walisema ni homa. Haya, na iwe homa.

Miaka ikaenda. Kisha mvua ikagoma. Ikagoma mwaka huu, ikagoma na mwaka uliofuata. Maghala yakabaki na panya, halafu panya nao wakaliwa. Asumini akarudi kwa baba yake amembeba mwanawe mgongoni, kwa sababu huko kwa mume nako moto haukuwashwa. Yule wifi wa mbuzi? Alikuja naye, kikapu kitupu kichwani.

Watu wakaingia porini wakasimama tu. Kila kitu kilikuwa jani. Lipi la kula, lipi la kuua? Wazee waliojua walikuwa wamezikwa.

Asumini akaukumbuka ukuta wa nyumba yao. Akalowesha viganja, akaanza kusugua. Shu, shu, shu. Weupe ukatoka. Yakaonekana majani, matatu kwenye kikonyo kimoja. Shu, shu. Kikaonekana kiazi chenye vinywele. Wanawake wakapiga vigelegele kwa sauti za njaa, nyembamba.

Akashuka chini kusugua zaidi. Lakini ukuta ulikuwa umelowa. Puu! Kipande kizima kikaanguka, kikawa tope miguuni pake. Pakabaki fito tupu.

"Hapo chini palichorwa nini?" mtu akauliza.

"Labda mizizi tu," Jumbe akasema. "Kiazi tumekiona. Twendeni."

Walikipata. Majani matatu, vinywele, kila kitu. Wakakichemsha, wakala. Jumbe alimtazama mjukuu wake, fungu lake mwenyewe akalisukuma kwake.

"Kula, babu yangu. Mimi nimeshiba kukuona."

Mtoto akala mafungu mawili.

Asubuhi waliobaki waliwazika wengine. Mtoto wa Asumini alikuwa wa kwanza kukakamaa. Jumbe hakuumwa hata tumbo.

Baadaye akapita mama mmoja wa mbali, akaona maganda uani. "Hiki mmekila hivihivi?" akauliza. "Hiki hukatwa vipande, kikalazwa mtoni, maji yapite juu yake siku nyingi mpaka sumu itoke." Ndipo wakajua Bibi Somoe alichora nini pale chini. Alichora mto.

Mvua iliporudi, Asumini alichukua udongo wa kichuguu, akatafuna kijiti. Akachora kiazi, na chini yake akajaribu kuchora maji. Mkono haukujua. Akafuta, akarudia, akafuta tena. Wapita njia husimama.

"Mama, hawa nyoka ni wa nini?"

"Ni maji," anasema.

Wanacheka, wanaenda zao.

Wajukuu zangu, anayewaonyesha mkamcheka, hatawasubiri. Mimi nimefika mwisho wa yangu. Anayetaka tamu, aende akaombe kwa mwingine.