Upawa wa Jana

Wahenga walisema akiba haiozi. Wengi wakisikia hivyo hufikiria ghala lililojaa au mtungi uliofunikwa vizuri. Hata Inayat, muuza nihari wa mtaa wa Lohari mjini Lahore, aliamini hivyo, mpaka Ijumaa moja mkaza mwanawe alipompasua moyo kisha akamshonea.

Nihari ya Inayat, ule mchuzi mzito wa nyama ya muundi na uboho unaotokota usiku kucha ili uliwe asubuhi kwa mikate ya tanuri, ilikuwa na siri. Kila siku, kabla chungu hakijaisha, aliteka upawa mmoja na kuuhifadhi katika kijungu juu ya rafu. Kesho yake aliuchanganya katika chungu kipya. Ndivyo alivyofanya baba yake, Karam Din, na babu yake pia. Kwa hiyo kila bakuli lilikuwa na tone la nihari ya kwanza kabisa, na Inayat alijivunia tone hilo kuliko ndevu zake.

Asubuhi hiyo mtaa ulifurika kama siku ya Idi. Watu walikuja na masufuria, wakasukumana kwa mabega na vicheko. "Fungua, Inayat, matumbo yanaimba!" mmoja alipaza sauti. Inayat akacheka, akanyoosha mkono juu ya rafu na kukishusha kijungu. Kilikuwa kitupu, tena kimesuguliwa kikang'aa.

"Nani kagusa hiki?"

Shagufta, bibi harusi ambaye hina ilikuwa bado haijamtoka mikononi, alisogea mbele. "Ni mimi, baba. Jana alasiri alipita msafiri ana njaa, na chungu kilikuwa kimekwisha. Nikadhani ni kiporo tu, nikampashia."

"Kiporo!" Nasim, mama mkwe wake, alijishika kichwa. "Ukoo mzima kaufanya kiporo! Kwenu mlikuwa mnakula nini, mtoto wewe? Majani?"

Inayat hakugomba, na hilo lilitisha zaidi. Aliketi chini, machozi yakimlengalenga. "Waambieni watu waende zao," alisema. "Siwezi kuuza maji yenye nyama nikayaita nihari ya baba. Duka limekufa."

Aibu ilimchoma Shagufta hadi mifupani. Alijiona akizeeka huku akiitwa bibi harusi aliyeua chungu. Hapo ndipo alipokumbuka umbea wa Nasim mwenyewe: kwamba zamani chungu cha Siddiq, jirani muuza nihari wa ng'ambo ya barabara, kilipasuka kikamwaga kila kitu, na Karam Din akamgawia upawa wa kuanzia upya. Inayat, kijana wakati huo, alikasirika kwa kuwa mshindani alipewa urithi wao. Mzee alipofariki, hata salamu aliikata.

Shagufta alinyakua bakuli, akatoka mbio miguu mitupu, ushungi ukipepea, akipenya katikati ya masufuria.

"Loo!" Siddiq alishangaa. "Mkwe wa Inayat dukani kwangu! Leo jua limetokea upande gani?"

"Ami, nakuomba upawa mmoja."

"Wa kula?"

"Wa mbegu. Yetu nimeimaliza mimi."

Uso ukamkunjuka Siddiq. "Na bakuli lenyewe ndilo hili la kunywea chai? Shika hili kubwa, binti! Hii si yangu, ni yenu. Nimengoja kuirudisha tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi."

Shagufta alirudi akihema, bakuli kubwa likifuka moshi. Inayat aliinuka. "Umeitoa wapi hiyo?"

"Onja kwanza, baba, halafu unitukane."

Alichovya kipande cha mkate, akatafuna polepole. Mara Inayat akafumba macho, kisha akaangua kicheko huku machozi yakimtiririka.

"Ni ya baba! Nasim, onja! Ni mkono wa baba huu!"

Aliimimina nihari yote chunguni, akakoroga kwa nguvu, akafungua mlango. Umati ulishangilia. Yeye aliupita, akasimama katikati ya barabara.

"Wewe Siddiq! Umezidisha tangawizi!"

"Na wewe umezidisha kununa!" Siddiq alijibu, na mtaa mzima ukavunjika mbavu.

Wazee hao wawili walikumbatiana pale pale, mikono yao ikinuka mafuta na vitunguu. Siku ile chungu kilipokaribia kwisha, Inayat aliteka pawa mbili. Mmoja aliuweka rafuni. Wa pili alimkabidhi Shagufta.

"Mpelekee Ami yako," alisema, "na kesho umpelekee tena."

Kilichofichwa juu ya rafu kilimalizwa na mlo mmoja wa msafiri, lakini alichokitoa Karam Din kwa mkono mkunjufu kilikutwa kingali moto. Ama kweli, akiba haiozi.