Papa wa Sebuleni kwa Chui

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama walialikana chai na kufunga milango kwa komeo, Nguchiro alikwenda kwa Chui kumtafuta kaka yake, Shebe. Shebe alialikwa huko siku ya Ijumaa, akatoka na kanzu mpya, asirudi.

Mlangoni viatu vilijaa tele. Vya paa, vya kanga, vya kicheche. Na vya Shebe, visigino vimelika upande. Lakini ndani hapakusikika mazungumzo, ila maji tu: chubwi... chubwi... Nguchiro aliogopa sana.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Chui akamwingiza. Nyuma yake komeo likalia, ka!

Sebule nzima ilikuwa ya kijani, maana ukuta mmoja ulikuwa tangi la kioo. Ndani yake papa mkubwa alizunguka polepole, bila kupepesa jicho.

"Kipenzi changu huyo," Chui alisema. "Nimemlea tangu akitoshea bakulini."

"Mashallah! Na kaka yangu, mzee?"

"Alikuja, akaenda zake."

Miguu mitupu? Nguchiro alijiuliza.

Papa akakipiga kioo: du! Vikombe vikatikisika. Chui akatokwa na jasho.

"Ana njaa. Panda ngazi, mwanangu, umpe dagaa hawa kwa mkono wako. Wageni wangu wote humlisha. Ndiyo heshima ya nyumba hii."

Kando ya tangi uliegemezwa mti mrefu, ncha imetafunwatafunwa. Kumbe mwenyewe humlisha kwa mti! Nguchiro akautia ulimi asali.

"Nitapanda, mzee wangu. Ila kwetu mgeni hapewi hata maji kabla mwenyeji hajaonja, kuondoa uchawi. Tangulia, nami nifuate."

"Aa, hakuna haja."

"Basi ni kweli wanayosema sokoni."

"Wanasemaje?"

"Mh! Nisije nikakukera. Wanasema papa ndiye mwenye nyumba, wewe mtumishi wake. Eti kumpa mkono huthubutu!"

"Mimi? Mimi Chui?" Masharubu yakamsimama. "Huyu ananijua kuliko mama yake!"

Akaiparamia ngazi, akachota dagaa, akatia mkono majini. "Njoo kwa baba, kipenzi..."

Papa akaja. Hakuwa na haraka.

Chubwi!

Maji yakamwagika sakafuni, kisha yakatulia. Dagaa walibaki wakielea, hakuna aliyewagusa.

Nguchiro akalifungua komeo, akatoka mbio akimlilia kaka yake kwa sauti, mpaka mtaa mzima ukajua. Huko nyuma papa alibandika pua kwenye kioo, akiutazama mlango uliobaki wazi.

Basi mkae mkijua, watoto: afugaye kinywa asidhani kinywa kitachagua mkono.