Ndege wa Jiwe Aliyevunjwa Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo, sogeeni. Nanyi wakubwa, msiniachie watoto peke yao.

Zamani hizo za kale, ndege walikuwa na nchi yao juu ya kilima cha mawe. Ukutani, juu ya nguzo, alisimama ndege wa jiwe waliyemrithi kwa mababu. Ndege akitoka mbali, mabawa yamemlegea, akimwona tu yule wa jiwe husema, "Nimefika kwetu."

Siku moja Tai akasema, "Mabawa yale ya jiwe ni yangu. Nchi hii ni ya matai!"

Kozi akaruka, pururu! "Mdomo ule ni wangu! Nchi ni ya kozi!"

Wakapigana. Manyoya yakatapakaa.

Nyani akavuka mto, akaja. "Jamani, huyu wa jiwe nipeni mimi nimtunze mpaka mpatane."

Bi Hondo, hondohondo mjane, akalia, "Wanangu, msimpe mgeni! Huyu ndiye sisi."

"Nyamaza, bibi," akasema Tai. "Heri Nyani kuliko Kozi."

"Heri Nyani kuliko Tai," akasema Kozi.

Nyani akamvuta yule wa jiwe. Hakung'oka. Akaokota jiwe, ko! ko! ko! Miguu ikavunjika. Akambeba huyoo, akaenda zake.

Kiangazi kikaja. Vijana walikuwa wamekwenda mbali kutafuta chakula, na binti wa Bi Hondo alikuwa miongoni mwao. Wakarudi. Wakapita juu, wakapita tena. Kilima hawakukitambua. Bi Hondo akasikia sauti ya bintiye ikififia.

Akapanda juu ya nguzo, akatandaza mabawa. "Mwanangu! Kwetu ni hapa!"

Jua likampiga, hakushuka. Upepo ukampiga, hakushuka. Vijana wakamwona, wakatua mmoja mmoja. Bintiye akatua wa mwisho.

"Mama, shuka sasa. Nimefika."

Binti akamgusa mama. Alikuwa amekufa pale pale, mabawa wazi.

Tai na Kozi wakainamisha vichwa. Wakaruka pamoja hadi kwa Nyani, wakamkuta amemkalia yule wa jiwe kama kigoda. Wakampokonya, wakarudi naye. Wakamweka juu ya nguzo. Pu! akaanguka. Wakamweka tena. Pu! Hana miguu.

Basi wakamlaza chini, ubavuni mwa kaburi la Bi Hondo. Kila asubuhi binti huja kumpangusa vumbi.

Wanangu, alama ya wote wakiigombea wenyewe, mgeni huondoka nayo. Na hata ikirudi, hairudi nzima.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua.