Gitaa Kuukuu la Chambuso

Chambuso alipougua, alimuuzia Bwana Mbwilo, mwenye duka la ala za muziki, gitaa lake la umeme la Kijapani, lililomzidi yeye mwenyewe umri, kwa shilingi elfu hamsini. Alipopona alilikuta likining'inia dukani kwa laki sita, na Jumamosi bendi yake ilikuwa na harusi.

"Niachie mimi," dada yake Siwema akamwambia.

Kesho yake Siwema aliingia dukani na kasha la gitaa mkononi. Wateja walikuwa wamejaa.

"Shikamoo, baba. Gitaa kuukuu la Kijapani ni bei gani hapa kwako?"

Bwana Mbwilo akalitupia kasha jicho. "Marahaba. Elfu hamsini."

"Hata hujalitazama?"

"Binti yangu, hayo nayajua hata nikifumba macho. Mbao zimechoka, nyaya zimechoka. Bei yangu ni hiyo hiyo kwa kila mtu."

"Nilisikia yanafika laki sita."

"Anayedai zaidi ya hamsini ni mwizi wa mchana," akasema kwa sauti, na wateja wakaitikia kwa vichwa.

Siwema akaweka elfu hamsini mezani, akafungua kasha. Lilikuwa tupu.

"Basi nishushie lile la ukutani, baba," akasema kwa upole. "Mimi nimekuja kununua."

Bwana Mbwilo akawatazama wateja. Wateja nao wakamtazama yeye. Akavuta kigoda, akapanda, akalishusha.

Gitaa likaingia ndani ya kasha kama mguu unaorudi kwenye kiatu chake.