Miti Mikavu ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, waliteta majirani na kugombea mipaka kama ninyi mnavyogombea mkeka, ardhi haikuwa na hati. Kipande cha ardhi kilikuwa cha yule ambaye miti yake imesimama juu yake. Miti ikisimama, shamba ni lako. Ikianguka, shamba si lako tena na kesi imekwisha. Na ardhi isiyo na mti hata mmoja ilikuwa ya mkuu wa nchi, naye mkuu wa nchi alikuwa Tembo.

Sasa huyu Tembo alikuwa na shida moja: mgongo ulimwasha. Kila akiamka alitafuta mti wa kujikunia. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mti, kraa, ukalala chini. Kwa kujikuna tu aliangusha miti ya nusu ya nchi, na kila mti ulipoanguka, ardhi yake ikawa ya mkuu. Msiniulize kama alifanya kusudi. Mimi ninasema mgongo ulimwasha.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bi Kindi, mjane mdogo mwenye mkia mkubwa na watoto wengi. Kila alipojenga kiota, Tembo alikuja kujikuna. Mara ya mwisho kiota kilianguka na watoto wakiwa ndani, na ingawa hakufa hata mmoja, mama yao hakulala vizuri tena. Wakahamia kwenye kichuguu, wakawa wapangaji wa mchwa. Vumbi puani, giza machoni, na mchwa wenyewe ni wasumbufu, wanajenga usiku kucha.

Siku moja Bi Kindi akapiga moyo konde, akaenda kwa Tembo kuomba kilima kitupu kilichokuwa nyuma ya mto, apande miti. Alimchukua jirani yake, Bi Nyati, awe shahidi.

Tembo alimtazama, akatazama kilima, akaona faida yake. "Panda," akasema. "Miti ikinifika kifuani, tutagawana kwa aina. Mimi nitachagua kwanza aina ninayoitaka, wewe utachukua zinazobaki. Na sheria ni ile ile: mwenye miti iliyosimama ndiye mwenye kilima."

"Nimesikia, mzee," akajibu Bi Kindi. "Mwenye miti iliyosimama."

Bi Nyati akatikisa pembe kuonyesha kwamba naye amesikia. Njiani kurudi alimwambia Bi Kindi kwamba ameingia mkenge, Tembo atachukua kilicho kizuri chote. Bi Kindi hakubisha. Angebisha nini, na watoto wamelala kichuguuni?

Akaanza kutafuta mbegu. Alikwenda mpaka msitu wa mbali kuokota matunda ya mninga, yale ya duara yenye bawa pembeni na miiba katikati, akayatafuna taratibu mpaka mbegu ikatoka. Akaokota mbegu za mkongo, nyeusi zenye kofia nyekundu. Za mvule ni ndogo sana, hizo aliwaomba popo, ambao hula tunda lake na kutema ovyo. Mwisho akachukua furushi zima la mbegu za mkenge, mti unaokua haraka kama umetumwa dukani, lakini mbao yake laini.

Bi Nyati alikuja kuangalia, akacheka. Yeye mwenyewe aliwahi kupanda mivule mitupu, mistari kwa mistari, akijua mvule ndio mti wa thamani. Kikaja kidudu kidogo, kikapenda jani la kwanza. Likavimba vinundu. Kikaruka kwenye jani la pili, nalo lilikuwa la mvule, la tatu la mvule, kikafanya karamu mpaka shamba likaisha. Tangu hapo Bi Nyati alisema miti haina maana.

"Ndiyo maana ninachanganya," Bi Kindi akamwambia. "Kidudu kikitoka kwenye mvule wangu kitakutana na mkenge, kisha mninga, kisha mkenge, kisha mkongo. Mpaka kiupate mvule mwingine kimeshachoka."

"Na mikenge yote hii ya nini?"

"Hao ni mayaya. Watawakinga wadogo na jua, watawabana wakue wima wasitanue matawi ovyo. Watoto wakikua, yaya anarudi kwao."

Maneno mazuri. Lakini alipokuwa peke yake, Bi Kindi alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, Tembo akija siku ya kugawana akachagua mininga, mivule na mikongo, basi kazi yote imekwenda na maji. Ya pili, mikenge isipoondolewa kwa wakati wake itawafunika wadogo mpaka wafe, na meno ya kindi hayawezi kuangusha mkenge. Yaya alikuwa anajua kuja. Nani angemrudisha kwao?

Akapanda hivyo hivyo. Mashimo aliyachimba kabla ya mvua, akatia samadi ya Bi Nyati, ambayo ilipatikana bila kuombwa. Mvua ikanyesha, mbegu zikaota, na mama na wanawe wakapalilia mpaka kucha zikaisha.

Miaka ikapita. Mikenge ikapaa. Ile mingine ikawa chini, inajivuta. Mininga ndiyo iliyowatisha watoto, maana kila kiangazi kilipofika shina lilikauka kabisa, likabaki kijiti. Mara ya kwanza watoto walilia. Mama yao akawaonyesha: akafukua udongo kidogo, na chini ya kile kijiti kulikuwa na mzizi mnene, mbichi, umejaa maji. Mninga ukiwa mdogo, kiangazi unakufa juu na kunenepa chini. Mvua ikirudi unachipua upya, mpaka mwaka mmoja ukijiona una nguvu za kutosha, unapanda moja kwa moja wala haukauki tena. Mikongo na mivule yenyewe ilipukutisha majani tu, lakini kwa mtu asiyejua, yote ilionekana kuni.

Hapo ndipo Bi Kindi alipopata akili. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiota kianguke.

Kiangazi kikali kilipoingia, jua likiwa kali na nchi nzima kahawia, mikenge peke yake ilikuwa ya kijani pale kilimani, nayo ilikuwa imempita Tembo kifua. Bi Kindi akaenda kwa Bi Nyati na uso wa msiba. Mnamjua Bi Nyati. Moyo wake mwema, ila mdomo wake hauna mlango.

"Mwenzangu, nisaidie kumwomba Tembo asije kugawana sasa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Asubiri mvua. Akija sasa atachukua kilicho kibichi chote, nami nitabaki na kuni. Lakini tafadhali, liwe kati yetu."

Bi Nyati aliapa kwamba litakuwa kati yao. Aliondoka akikimbia, tifu tifu tifu, na vumbi lilikuwa halijatulia Tembo alipokuwa amekwisha kuambiwa.

Kesho yake asubuhi ardhi ikatetemeka. Ndi, ndi, ndi. Tembo amefika, masikio yamesimama kwa furaha, Bi Nyati nyuma yake anaangalia pembeni kwa aibu.

"Leo ndiyo leo, bibie," Tembo akasema. "Tunagawana."

Bi Kindi akajishika kichwa. Aliomba wasubiri mvua, akataja mkataba kwamba mingine haijamfika kifuani, akapiga magoti. Kadiri alivyoomba ndivyo Tembo alivyozidi kuwa na haraka. Akauendea mkenge mmoja, akageuza mgongo. Kwaru, kwaru. Ulikuwa mrefu, imara kiasi chake, na ulimkuna vizuri sana. Kwa Tembo, mti ulipimwa kwa mgongo, basi; hakujua kipimo kingine.

Akavitazama vile vijiti vilivyobaki, akakivuta kimoja kwa mkonga kuona kama kinafaa hata kwa kuni.

Kijiti hakikutoka.

Akavuta tena. Kikakataa. Tembo akakunja uso. "We Kindi. Kijiti kikavu kinang'ang'ania nini chini huko?"

Bi Kindi akaona hatari. Tembo akifukua tu kidogo, akaona ule mzizi mnene, mambo yameharibika. Lakini siku hiyo Bi Kindi hakuamka bure. Alfajiri alikuwa amekwenda kwenye kile kijiti cha mbele kabisa, cha kwanza kufikiwa na mtu anayepanda kilima, akakizungushia panzi waliokufa, na wenye kupenda panzi waliokufa walikuwa wamekwisha kufika.

"Kimeshikwa na siafu, mzee," akasema. "Wameweka makao kwenye kila kijiti kikavu. Ndio walioniulia miti yangu."

Tembo akainamisha mkonga kunusa. Ah, msicheke, mtu asilicheke jambo la siafu kama hajawahi kuwaingiza puani. Tembo akapiga chafya iliyoangusha majani. Akapiga ya pili. Akaruka kwa miguu yote minne, akashuka, pu, akasimama kwa ncha za vidole akikodolea macho vijiti vyote vya kilima.

"Ninachagua mikenge," akasema akifuta mkonga. "Yote. Hivyo vingine ni vyako na siafu wako."

Bi Kindi akainama asionekane uso. Bi Nyati alidhani analia, akamsikitikia sana.

Tembo alitaka nyumba mpya, kubwa. Na kichwani mwake, naam, hata yeye alikuwa na hesabu yake: yangu nitaikata yote, yake imekufa, kilima kitabaki hakina mti hata mmoja, na kilima kisicho na mti ni cha mkuu. Aliona amemtega Kindi mtego wa mwaka. Akaanza kazi. Kraa, pwaa. Kraa, pwaa. Na kila alipopita kwenye kijiti alinyanyua mguu juu, akauteremsha polepole, pembeni kabisa, mtu mzima na uzito wake wote akitembea kama mgeni aliyekuta watoto wamelala. Hakukanyaga hata kimoja. Bi Kindi alikuwa juu ya jiwe, roho mkononi, akiuangalia kila mguu unapotua. Jioni yaya wa mwisho alikuwa amebebwa kurudi kwao.

Mvua zikaja. Ndo, ndo, ndo, kisha kwa fujo. Safari hii wale wadogo walikuwa na jua lote, na samadi, na mizizi iliyonenepa miaka yote hiyo. Mininga ikachipua na kupanda moja kwa moja. Mikongo ikatoa majani mekundu kama kofia za mbegu zake. Mivule ikasimama huku na huku, imetengana, na kile kidudu cha Bi Nyati kilikuja kikapotea njia.

Mvua zilipokatika, Tembo akaja kuchukua kilima chake. Alikuwa mweupe mgongoni. Bungua, wale wadudu wa mbao, walikuwa wameingia kwenye ile mikenge laini ya nyumba yake, wanatafuna mchana kutwa na kumwaga unga, na jana yake tu alikuwa ameegemea nguzo ajikune, nyumba ikamlalia.

Akafika, akasimama. Mbele yake kulikuwa na msitu mdogo, unapumua.

Akasema kilima ni chake, kwamba aliambiwa vile ni vijiti vikavu. Bi Kindi akamjibu kwa adabu kwamba vilikuwa vikavu, shahidi yupo. Wakamgeukia Bi Nyati. Mdomo wake usio na mlango siku hiyo ulifaa.

"Ulisema mwenye miti iliyosimama," Bi Nyati akamwambia. "Yako iko wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Imesimama?"

Tembo akajipangusa unga. Lakini nguvu zilikuwa bado zake, na hasira pia, na mgongo ukaanza kumwasha. Akageuka polepole, akaurudisha mgongo kuelekea mninga wa karibu. Kuegemea mara moja tu, na mti ule mchanga ungelala, na wa pili, na wa tatu. Watoto wa kindi wakakumbatiana. Sauti ya mama yao ilitoka laini kabisa.

"Karibu ujikune, mzee. Siafu wamekua pamoja na miti. Sasa wanaishi juu."

Mgongo wa Tembo ukasimama hewani.

Akafikiri. Akajishika mkonga. Kisha akaushusha mguu mmoja mbele, pole pole, akafuata wa pili, akateremka kilima kizima kwa ncha za vidole mpaka akavuka mto. Hakurudi tena.

Bi Kindi akashusha pumzi, pumzi ndefu aliyokuwa ameibana tangu kiota kianguke, akalia na kucheka kwa pamoja mpaka Bi Nyati naye akalia bila kujua kwa nini. Siku ile ile walihama kichuguuni. Watoto wakapanda kwenye mninga ule uliokaribia kuegemewa, wakajikunja kwenye panda ya tawi, na mama yao akalala mchana kweupe, usingizi wa kweli, mkia usoni.

Nami nimefika hapo walipolala. Mjue tu hivi, wanangu: anayechagua kwa kuangalia kilichokwisha kurefuka, humfanyia kazi yule anayejua kinachokua chini.